Pilau, Soksi Iliyotoboka na Darasa Langu la Kwanza la Yoga

Juzi usiku dada mmoja wa Arusha kaniandikia: "Dada, Jumamosi naanza yoga, ile ya kutuliza mwili. Tangu mchakamchaka wa shuleni sijafanya zoezi lolote. Nijiandaeje?" Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Nimeikumbuka siku yangu.

Mimi ni mhasibu. Zikifika siku za kufunga hesabu, shingo inakuwa gogo. Basi Ijumaa ya 21 Juni 2024, Siku ya Kimataifa ya Yoga, nikaona tangazo la darasa la wanaoanza huko Masaki, saa 12 jioni. Nikasema leo ndiyo leo. Mchana sikuwa nimepata nafasi ya kula, kwa hiyo saa 11 nikapita kwa mama ntilie wetu. Pilau, kachumbari, na kipande cha nyama alichoniongeza kwa sababu ni Ijumaa. Nikajiambia kwani kuna kazi gani huko, si kulala tu?

Foleni ya Mwenge ikanila. Nikaingia nimechelewa, jasho linanitoka, wenzangu wote kimya wamefumba macho. Kuvua viatu, soksi ya kulia imetoboka, kidole gumba kinachungulia na rangi ya kucha iliyobanduka nusu. Nafasi iliyobaki ilikuwa mbele kabisa, chini ya feni.

Mwalimu akatuambia tulale ubavu juu ya mto mrefu, kisha tugeuze kiwiliwili, kifua kielekee chini. Darasa la namna hii halina mikao mingi, mitano au sita hivi, lakini kila mmoja unakaa nao dakika 5, 10, hata zaidi. Dakika 10 umelalia pilau! Kachumbari ilipanda hadi kooni. Nikabana pumzi nisicheue, huku mwalimu anasema kwa sauti ya upole, "toeni pumzi taratibu, ndefu kuliko mliyovuta."

Mwishoni ukaja mkao wa maiti, shavasana: chali, mikono kando, macho yamefumbwa. Hapo nikalala usingizi wa kweli, nikakoroma. Najua nilikoroma kwa sababu sauti yangu ndiyo iliyoniamsha. Na pale kwenye viatu nikamsikia mama mmoja anamwambia mwenzake, "Wengine si wangelala tu kwao." Hakunitazama. Mpaka leo nikipita mahali pale penye viatu, neno lile linanirudia.

Sasa ushauri, mdogo wangu. Usile. Yaani kula, lakini mlo mzito uwe umepita saa mbili au tatu kabla. Ukizidiwa na njaa, ndizi moja inatosha. Wahi, robo saa kabla, uchague nafasi ukutani, maana mkao wa kuegemeza miguu ukutani ndio utakaoupenda kuliko yote. Nguo ipwaye. Usivae jinzi, wala skintaiti mpya inayokubana tumbo. Na beba kanga mbili: moja ya kujifunika, maana ukitulia muda mrefu mwili unapoa hata katika joto la Dar, nyingine uikunje uiweke chini ya shingo. Mkeka usinunue kwanza, waulize kama wanao wa kuazima.

Ukiwahi utapata pia nafasi ya kusema na mwalimu pembeni. Kama una mimba, mwambie, maana miezi ikisogea kulala chali muda mrefu hakufai, atakulaza ubavu. Kama una presha au presha ya macho, mwambie vilevile, kuna mikao ya kuinamisha kichwa utairuka. Mimi nilimwambia jambo jingine kabisa: dini yangu na yale maneno yanayoimbwa kwenye yoga haviendani. Akasema, "Nyamaza tu, pumua." Yakaishia hapo.

Maana nawajua watu wetu. Utaambiwa yoga ni ya Wazungu na wake za mabalozi. Utaambiwa kulala kama maiti ni kujitakia kifo. Hao hao shingo zao hazigeuki, kila wiki dawa ya maumivu, kila wiki kuchuliwa mgongo kwa mafuta ya nazi. Mwanamke anaamka saa 10 alfajiri, anarudi saa 2 usiku, akiomba saa moja ya kulala chini apumue anaonekana anaringa! Jamani. Tunajua kujichosha, kupumzika mpaka tufundishwe. Usiombe ruhusa ya mtu. Nenda. Na usile.

Mimi nilirudi wiki iliyofuata, tumbo jepesi, soksi nzima. Sasa nina nafasi yangu ukutani na wageni wananiuliza mimi mito iko wapi. Yule mama wa kwenye viatu bado anakuja. Mwezi uliopita, kwenye shavasana, alikoroma. Sikusema kitu. Ila mhasibu ni mhasibu, nilihesabu: mara nne.