Kuchanganya peptidi kwa ajili ya kolajeni: jibu la mtu aliyewahi kuzipaka zote kwa pamoja

Dada yangu, umeuliza kama unaweza kupaka usiku mmoja seramu ya peptidi ya shaba, ya Matrixyl, ya Argireline (majina ya kibiashara ya peptidi nyingine mbili) na ya vitamini C ili ngozi itengeneze kwa wingi zaidi kolajeni, yaani protini inayoipa uimara. Nina umri wa miaka 47, ninaishi Dar es Salaam, na zote nne nimezitumia kwa takribani miaka mitatu, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu. Mbili za kwanza zinapatana, ya tatu haihusiki na kolajeni, na vitamini C ihamishie asubuhi.

Peptidi ni asidi amino chache zilizoungana, yaani kipande kifupi cha protini. Kolajeni inapovunjika ndani ya ngozi, baadhi ya vipande vyake huzipa taarifa seli ziitwazo fibroblasti kwamba pameharibika na zinapaswa kutengeneza nyingine, na peptidi tunazonunua hujaribu kuiga taarifa hiyo. Matrixyl ya awali ina palmitoili pentapeptidi-4, ambayo asidi amino zake tano zinafuata mpangilio uliomo katika prokolajeni aina ya kwanza, yaani kolajeni ambayo bado haijakomaa, nayo imeunganishwa na asidi ya mafuta ili ipenye tabaka la juu la ngozi, ambalo halipitishi kwa urahisi vitu vinavyopenda maji. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 93 waliopaka krimu yenye peptidi hii upande mmoja wa uso, na krimu isiyo nayo upande wa pili, kwa wiki 12. Mikunjo midogo ilipungua, ingawa kwa kiasi cha wastani, na kipimo cha peptidi kilikuwa sehemu 3 tu katika milioni. Wanawake hao walikuwa Wazungu, jambo ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kulikumbuka, lakini kipimo hicho kidogo ndicho kilichonifanya niache kupaka tabaka juu ya tabaka.

Peptidi ya shaba, ijulikanayo kwa herufi GHK, ilitambuliwa na Loren Pickart mwaka 1973 katika utegili, yaani sehemu ya majimaji, ya damu ya binadamu. Ina asidi amino tatu na hushikamana na shaba kwa nguvu, na shaba yenyewe huhitajiwa na kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni zikawa imara. Ndiyo maana naona ina mantiki kuitumia pamoja na Matrixyl, kwa kuwa haziingiliani na zote hufaa katika seramu isiyo na asidi kali. Hata hivyo sitakuambia kwamba ukizipaka pamoja matokeo yatakuwa maradufu. Usoni kwangu sikuliona hilo.

Shida iko kwenye vitamini C. Ngozi inaihitaji kweli, kwa sababu bila hiyo vimeng'enya vinavyoiimarisha kolajeni changa havifanyi kazi, lakini asidi askobiki ya kupaka hutengenezwa ikiwa na pH (kipimo cha ukali wa asidi, ambacho kikiwa kidogo asidi ni kali zaidi) iliyo chini ya 3.5. Asidi kali namna hiyo huweza kuibandua shaba kutoka kwenye peptidi yake, na shaba iliyo huru huharakisha kuharibika kwa vitamini C, hivyo unapoteza vyote viwili. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nakamua seramu zote kiganjani na kuzikoroga, jinsi wengi wetu tulivyokua tukiona mkorogo ukitengenezwa nyumbani. Baada ya wiki tatu mashavu yalianza kuwaka, kisha yakatoka madoa meusi yaliyochukua zaidi ya miezi minne kufifia. Ngozi nyeusi ikichubuliwa huacha alama, na mtu anayetafuta kolajeni kwa haraka hujikuta ana kazi nyingine kabisa.

Argireline, kwa upande wake, hupunguza taarifa kati ya mishipa ya fahamu na misuli, na hulenga mistari ya paji la uso. Ukiipenda itumie, ila usiihesabu katika mpango huu.

Sasa napaka vitamini C asubuhi, kisha krimu ya kukinga jua, na usiku peptidi mbili juu ya ngozi yenye unyevu kidogo. Krimu ya jua usiiache hata siku ya mawingu, kwa sababu miali ya jua huamsha vimeng'enya vinavyokata kolajeni, na hakuna peptidi itakayojenga usiku zaidi ya kile jua letu linachobomoa mchana. Nakuomba pia, kwa dhati, usikubali kopo lisilo na orodha ya viambato hata likiitwa krimu ya kolajeni. Ikiwa linang'arisha uso ndani ya wiki moja, huenda lina viambato hatari vya kuchubua ngozi kama haidrokwinoni, zebaki au steroidi.

Anza na peptidi moja kwa wiki nne ndipo uongeze ya pili, ili ngozi ikikataa ujue ni ipi. Vitamini C iweke kwenye jokofu, kwani yangu iliyokaa bafuni ilikuwa na rangi ya chai ya rangi kabla haijafika nusu. Piga picha leo dirishani, saa ileile utakayopiga tena baada ya wiki 12, bila vipodozi, kisha turudi hapa tuzilinganishe.