Shangazi Anajibu: Nimekaa kikundini bila kusema neno

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge sokoni hapa Jinja. Tangu dada yangu afariki mwaka jana sipati usingizi, chakula hakinipiti kooni, na siku nyingine nafungua kibanda saa tano. Muuguzi aliniambia kwamba nina sonona, akanielekeza kwenye kikundi cha wanawake wanaokutana kila Jumatano. Nimekwenda mara mbili na sijafungua kinywa. Nikiwasikia wenzangu naona yangu ni madogo. Tena mmoja wao ni jirani yangu wa sokoni, na naogopa siri yangu itafika sokoni kabla yangu. Niendelee? Na nikiendelea, nianzie wapi?
Mama wa Vitenge, Jinja

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Endelea kwenda. Kukaa kimya mara mbili si kosa, kwa sababu mtu anayesikiliza tayari ameingia kikundini, na mwezeshaji aliyefundwa vizuri hamlazimishi mtu kusema.

Ningependa ujue kwanza kwamba jambo hili lilijaribiwa hapa kwetu Uganda. Mwaka 2002 vilichaguliwa vijiji 30 vya Masaka na Rakai, na katika baadhi yake watu waliokuwa na dalili za sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakiongozwa na wenyeji ambao hawakuwa madaktari bali walikuwa wamepewa mafunzo ya wiki mbili. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wamewauliza wanavijiji wenyewe wanavyoiita hali hiyo, wakatajiwa maneno ya Kiganda yenye maana ya kujichukia na kujihurumia. Nadhani unayafahamu yote mawili kwa moyo wako. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: miongoni mwa waliomaliza vikundi, wasiofika 7 katika kila 100 ndio waliobaki na sonona kali, ilhali katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa zaidi ya nusu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo hiyo kwa ajili ya nchi nyingine.

Sasa, pa kuanzia. Usianze na kifo cha dada yako, kwa kuwa hilo ni zito mno kubebwa siku ya kwanza. Anza na jambo dogo la wiki hiyo, tuseme la Jumanne. Vikundi vya aina hii huanza kwa kila mtu kueleza wiki yake ilikuwaje, kisha wenzake humsaidia kuunganisha hali ya moyo wake na jambo fulani lililotokea. Inatosha kusema: "Jana mteja aliniuliza dada yangu yuko wapi, nikafunga kibanda nikarudi nyumbani." Hapo wenzako watakuuliza ulimjibu nini, nani mwingine angeweza kuwa nawe wakati ule, na mteja mwingine akiuliza hivyo utapenda kumjibuje. Kutokana na tukio hilo moja, habari za dada yako zitakuja zenyewe siku itakayofaa. Na usiupime uchungu wako kwa mizani ya mwingine. Aliyefiwa, aliyegombana na mumewe na aliyehamia mji asikomjua mtu huketi katika duara moja, kwa kuwa kila moja la mambo hayo linaweza kuleta sonona.

Kuhusu jirani yako, hofu yako ina msingi. Bila shaka unalijua sanduku la kikundi cha akiba: lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, hata mmoja wao hawezi kulifungua peke yake. Siri ya kikundi ni kinyume chake, maana kila mtu anao ufunguo, na ndiyo sababu sharti la kutosema nje linafaa kutamkwa kwa sauti na kukubaliwa na wote. Mwone mwezeshaji kabla ya Jumatano, peke yenu, umweleze. Akikubali, kaeni na jirani huyo mkubaliane kwamba sokoni mtasalimiana na kuzungumza bei za vitenge tu. Moyo wako ukikataa bado, omba kikundi kingine; hilo si tusi kwa yeyote.

Mwenzako akilia, jizuie kumwambia "jikaze" au "mshukuru Mungu". Mimi ni mtu wa sala na siidharau imani, lakini maneno hayo yakiwahi mno humfunga mtu kinywa. Muulize kilichotokea, kisha umngoje.

Jambo la mwisho ni la lazima. Kikundi hakichukui nafasi ya kliniki: kama ulipewa vidonge, usiviache bila kumwuliza aliyekupa, na wazo la kujidhuru likikujia usingoje Jumatano. Mwambie mtu wa nyumbani usiku huo huo, akupeleke. Watu wetu husikia neno Butabika, yaani hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili huko Kampala, wakaogopa, kwa kuwa limefanywa tusi, lakini hospitali ya rufaa hapo Jinja nayo ina kitengo cha afya ya akili.

Shangazi, mke wangu anahudhuria kikundi cha namna hii. Akirudi hanielezi kilichosemwa. Je, kama mume sina haki ya kujua?
Baba wa Mbale

Ya wenzake huna haki ya kuyajua, baba, na akikueleza atakuwa amewasaliti. Yake mwenyewe atakwambia akiwa tayari. Akirudi, muulize tu amerudije, na siku ya mkutano wewe ndiye uwaogeshe watoto na kuwapa chakula, asiharakishwe na jiko wakati wenzake bado wanazungumza.