Hukumu ya kuuza nafasi ya oda kabla ya kuipokea bidhaa

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shekhe, kampuni inapotangaza simu mpya au kifaa kingine ambacho idadi yake ni ndogo kuliko watu wanaokitaka, mimi hukesha mtandaoni na kuweka oda mara tu milango inapofunguliwa. Hutoa arbuni ndogo, ambayo hurudishwa nikighairi, kisha hupewa namba ya oda. Kabla bidhaa haijafika, humwuzia namba hiyo mtu aliyekosa, kwa nyongeza juu ya arbuni, na yeye ndiye humalizia malipo na kuchukua mzigo. Kwa kuwa kila mteja huruhusiwa oda moja tu, mara nyingine nimetumia majina ya ndugu zangu. Wanunuzi wangu huridhia, na wengine hunishukuru. Lakini wenzangu msikitini wananiita mlanguzi na kusema kwamba pato langu ni haramu. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nifanye nini na fedha nilizokwisha kupokea, na oda mbili ambazo bado ninazo?

JIBU

Wa alaykumu ssalamu warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, neno "mlanguzi" lina harufu mbaya, na wenzako wamelitumia kana kwamba lenyewe ni hukumu. Kununua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa ndiyo biashara yenyewe, na sharia haikuweka kiwango cha faida ambacho mfanyabiashara akikivuka huwa ametenda haramu. Imamu Bukhari amepokea kisa cha Urwa al-Bariqi, ambaye Mtume (s.a.w.) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Akanunua kondoo wawili kwa dinari ile, akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Mtume hakumkemea kwa faida hiyo, bali alimwombea baraka katika biashara yake. Na bei zilipopanda Madina na watu wakamtaka awapangie, alikataa, akasema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mpangaji wa bei. Kwa hiyo anayekuharamishia pato lako kwa hoja ya ukubwa wa faida peke yake hana dalili mkononi. Kasoro ya muamala wako iko kwingine, nayo haionekani mpaka tuulize ni kitu gani hasa unachokiuza.

Simu huuzi, kwa sababu huna. Kampuni haijakukabidhi, na kwa maelezo yako hata haijakuuzia bado, maana arbuni yako hurudishwa ukighairi na bei yenyewe haijalipwa. Ulichonacho ni ahadi kwamba zamu yako itakapofika utaruhusiwa kununua kabla ya wengine. Mafakihi huiita hali kama hii haki ya kutangulia, nao huipambanua na milki. Mfano wao wa kale ni wa mtu aliyeizungushia mawe ardhi isiyo na mwenyewe kwa nia ya kuihuisha, kisha akawa hajailima wala hajaijenga. Imamu Nawawi katika Minhaj amemfanya mtu huyo kuwa ndiye mwenye haki zaidi na ardhi ile kuliko wengine, lakini kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafi hana ruhusa ya kuiuza, kwa kuwa amewatangulia watu tu na bado hajaimiliki. Nawe umewatangulia watu kwenye foleni, na bei unayotoza ni ya kutangulia huko tu.

Ukiufahamu msingi huu, utaelewa kwa nini hadithi ya Abdullah bin Amr, waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengine, inakuhusu moja kwa moja. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba si halali mkopo pamoja na uuzaji, wala masharti mawili katika uuzaji mmoja, wala faida ya kitu kisicho katika dhamana yako, wala kuuza usichokuwa nacho. Wengi huikimbilia ile ya mwisho, nayo ni kweli inakugusa. Mimi nakuomba utulie zaidi kwenye ile iliyo kabla yake. Kitu kuwa katika dhamana yako maana yake ni kwamba kikiharibika, kikipotea au kisipofika, hasara inakuangukia wewe. Mwenye duka hustahiki faida kwa sababu mzigo ukiungua usiku, ulioungua ni wake. Sasa jitazame wewe. Kampuni ikifuta oda zote kesho, utarudishiwa arbuni yako kamili, na nyongeza uliyopokea kwa mnunuzi wako itakuwa tayari mfukoni. Simu ikija na kasoro, utasema hukumwuzia simu. Hakuna hatua hata moja katika muamala huu ambayo hasara ya bidhaa inakufikia, na faida ya namna hiyo ndiyo iliyokatazwa kwa tamko la Mtume.

Wala usidhani kwamba jambo hili limezuka na mitandao. Katika Sahihi ya Muslim kuna habari ya zama za Marwan bin al-Hakam alipokuwa liwali wa Madina. Watu walikuwa wakipewa hati za posho ya chakula. Katika Muwatta ya Imamu Malik imetajwa kwamba chakula hicho kilikuwa cha al-Jar, iliyokuwa bandari ya Madina kwenye Bahari ya Shamu. Watu wakaanza kuuziana hati zile kabla ya kukipokea chakula. Abu Huraira (r.a.) akamwendea Marwan akamwuliza kama amehalalisha riba. Marwan akakana. Abu Huraira akamwambia kwamba amehalalisha uuzaji wa hati, ilhali Mtume amekataza chakula kuuzwa mpaka kipokelewe. Marwan akawahutubia watu na kuwakataza, na mpokezi wa habari hii, Sulaiman bin Yasar, anasema aliwaona walinzi wakizichukua hati zile mikononi mwa watu.

Uaminifu wa elimu unanilazimu niongeze kwamba maulamaa walihitilafiana kuhusu hati hizo. Imamu Nawawi ameeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafi ni kuwa yule wa kwanza aliyeandikiwa posho anaweza kuiuza, na kwamba katazo linamhusu aliyeinunua kwake akataka kumwuzia wa tatu kabla ya kupokea. Sababu ni kwamba yule wa kwanza alikwisha kumiliki posho yake. Hata ukiishika kauli hii nyepesi haitakuokoa, kwa sababu nyuma ya hati ile palikuwa na nafaka iliyokwisha kuwa mali ya mtu, na nyuma ya namba yako pana ahadi tu.

Huenda ukasema kwamba wapo wanaoruhusu kuuza kabla ya kupokea. Ni kweli, na hitilafu hiyo ni kongwe. Mashafi wanakataza katika kila kitu. Ibn Abbas mwenyewe, baada ya kupokea katazo la chakula, alisema anadhani kila kitu ni kama chakula. Mahanafi wanaziondoa ardhi na majengo katika katazo hilo, na Mamaliki wanalifunga katazo kwenye chakula. Mtu aliyenunua simu kwa mkataba uliokamilika, akalipa, ikawa ni mali yake iliyobaki kwenye ghala la muuzaji, anaweza kupata nafasi katika kauli ya Mamaliki, na sitamkemea akiifuata. Wewe hujafika hapo. Hali yako inafanana zaidi na mikataba ya hiari inayouzwa katika masoko ya fedha, yaani mtu kulipia haki ya kununua au kuuza kitu baadaye bila kulazimika kufanya hivyo, ambayo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992 liliikataa kwa hoja kwamba kinachouzwa humo si mali, wala manufaa, wala haki ya kifedha inayoweza kutolewa badali.

Kuhusu kuridhia kwa wanunuzi wako, kuridhiana ni nguzo, kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 29, lakini nguzo moja haisimamishi nyumba. Anayetoa riba naye huridhia.

Sasa nije kwenye jambo ulilolitaja kwa maneno machache, nalo kwangu ni zito kuliko lote lililotangulia. Umesema umetumia majina ya ndugu zako. Muuzaji ameweka sharti la oda moja kwa kila mteja ili bidhaa iwafikie wengi, na sharti hilo ni halali. Mtume amesema kwamba Waislamu hushikamana na masharti yao, na Mwenyezi Mungu anaanza Suratul Maida kwa kuamrisha kutimiza mikataba. Ulipoandika jina la nduguyo, hali mnunuzi ni wewe, ulisema uongo katika biashara, na hukumu ya hapa haina hitilafu ya madhehebu. Aliyedhulumiwa hapa ni yule mtu usiyemjua, aliyekesha kama wewe, akaweka jina lake moja la kweli, akaambiwa zimekwisha, kisha akaja kununua kwako nafasi ambayo ingekuwa yake. Huyo ndiye aliyekushukuru. Hukumu ni hiyo hiyo kwa wanaotumia programu za kompyuta kuzoa oda kwa mamia kabla binadamu hajamaliza kuandika jina lake, ikiwa muuzaji amezikataza.

Je, huku ni kuhodhi, ambako hadithi ya Ma'mar bin Abdullah katika Sahihi ya Muslim imemwita mtendaji wake mkosaji? Kwa simu na vifaa vya starehe sisemi hivyo, kwa kuwa Mashafi wamelihusisha katazo la kuhodhi na vyakula. Lakini oda zako zikihamia kwenye chakula cha watoto, au dawa ambayo mgonjwa hawezi kuikosa, ningeichukua bila kusita kauli ya Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, kwamba kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu, kukizuia huko ni kuhodhi. Hapo hata ukipokea bidhaa mkononi na kuilipia kikamilifu, dhambi itabaki.

Njia za halali hazijafungwa, na mbili kati yake zinafanana sana na unachokifanya. Ya kwanza ni kusubiri: weka oda yako moja kwa jina lako, lipa, pokea mzigo, kisha uza kwa bei mtakayoridhiana, ilimradi muuzaji hakukushartisha vinginevyo. Utabeba hatari ya bei kushuka kabla hujauza, na hatari hiyo ndiyo inayoihalalisha faida yako. Ya pili ni uwakala. Mtu anayetaka simu na hana muda wa kukesha akuajiri umkeshee, uweke oda kwa jina lake na kwa fedha zake, akulipe ujira mliokubaliana tangu mwanzo. Kukesha ni kazi, na kazi ina ujira. Tofauti yake na unayoyafanya sasa ni kwamba huko umechukua nafasi kwanza ili umtafute aliyekosa, na huku umetumwa na mwenye haja, naye anahesabiwa kuwa mteja mmoja kama masharti yanavyotaka.

Kuna pia mlango mwembamba wa mtu kuachia haki yake kwa fidia, ambao baadhi ya maulamaa wa baadaye wameuruhusu katika mambo yasiyouzika, kama kuachia wadhifa. Aliyeweka oda ya kweli kwa matumizi yake, kisha akapata dharura, na muuzaji anaruhusu jina libadilishwe, simkatazi kupokea fidia ya kiasi kwa kumpisha mwingine. Mlango huo uliwekwa kwa ajili ya mwenye udhuru, nami siuoni kuwa unafaa kugeuzwa duka. Tiketi ya safari au chumba cha wageni kilicholipiwa ni suala lingine, kwa kuwa hapo umekwisha kumiliki manufaa, na wengi wa mafakihi wanaruhusu mpangaji kumpangisha mwingine ikiwa mkataba haukukataza.

Ama fedha zilizopita, ziko za aina tatu. Nyongeza uliyoipokea kwa mtu ambaye oda yake ilifutwa na hakupata kitu, mrudishie mara moja, maana hiyo ni mali yake bila shaka. Nyongeza za oda zilizowekwa kwa jina lako na mnunuzi akapata simu yake, ulizipokea ukidhani muamala ni sahihi. Hapo nachukua kauli ya Ibn Taymiyya na walioafikiana naye, kwamba aliyepokea kwa kutojua hukumu kisha akajizuia yanabaki kwake yaliyopita, kwa kutegemea Suratul Baqara aya ya 275. Za majina ya ndugu zako sizitii katika msamaha huo, kwa sababu huwezi kusema hukujua kwamba jina lile halikuwa lako. Aliyedhurika humjui umrudishie, basi kadiria faida uliyoipata kwa oda hizo na uitoe sadaka kwa niaba yake, pamoja na kutubia.

Oda mbili ulizo nazo, ile iliyo kwa jina lako unaweza kuikamilisha na kupokea simu, kisha ukaiuza kama nilivyoeleza. Ile iliyo kwa jina la nduguyo, mwulize kwanza kama anaitaka simu kwa ajili yake mwenyewe na yuko tayari kuilipia. Akisema haitaki, ifute leo kabla kampuni haijafunga orodha, ili nafasi imwendee anayefuata kwenye foleni.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.