Bahari Imesema. Je, Angahewa Imejibu?

Machi 2014 niliona mchoro ambao sijausahau hadi leo. Ulionyesha Bahari ya Pasifiki kana kwamba imepasuliwa kwa kisu kwenye mstari wa ikweta, ukaachwa wazi ubavu wa maji kuanzia usoni hadi mita mia tatu chini. Katikati ya ubavu huo palikuwa na donge kubwa jekundu la maji ya joto, likisogea polepole kuelekea Amerika ya Kusini. Mwezi huohuo Marekani walitoa tangazo la kwanza kwamba El Niño, yaani ule wakati maji ya Pasifiki ya ikweta yanapopata joto kuliko kawaida na kuvuruga mvua za dunia, ilikuwa ikinyemelea. Nikauweka mchoro ule kando ya ule wa 1997, mwaka wa El Niño kubwa, nikaona mapacha. Nikawaandikia wote waliozoea kuniuliza habari hizi: jiandaeni, inakuja, tena kubwa.

Haikuja. Lile joto lilifika juu, likakaa kidogo, likapoa. El Niño hafifu ilitangazwa Machi 2015, mwaka mzima baadaye, na ile kubwa ikaonekana kuelekea mwisho wa mwaka huo. Rafiki yangu mmoja alikuwa ameahirisha ujenzi kwa sababu ya neno langu. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikalia moyoni. Tangu hapo nimebadilisha kabisa namna ninavyosoma taarifa za kila mwezi za tabianchi, na haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Nilichokosea si kuiamini bahari. Nilikosea kwa kuisikiliza peke yake. Katika hali ya kawaida, pepo za kutoka mashariki huvuma juu ya Pasifiki na kusukuma maji ya joto upande wa Indonesia, kiasi kwamba uso wa bahari huko huwa juu kwa karibu nusu mita kuliko pwani ya Ecuador. Mashariki, maji baridi hupanda kutoka chini kujaza pengo. Pepo zikilegea, maji ya joto hurudi mashariki. Mawingu ya mvua huyafuata maji hayo, mgandamizo wa hewa nao hubadilika, na pepo huzidi kulegea. Jacob Bjerknes ndiye aliyeunganisha mambo haya mwaka 1969: bahari husukuma hewa, hewa nayo husukuma bahari, na kila mmoja humwongezea mwenziwe nguvu. Mwaka 2014 upande mmoja ulinyamaza. Pepo za kutoka magharibi zilizovuma kwa kishindo mwanzoni mwa mwaka zilikatika, na bila hizo lile joto halikuwa na wa kulibeba.

Kwa hiyo kila mwezi, kabla ya kutazama ramani yoyote ya mvua, nauliza maswali mawili. La kwanza ni la bahari: joto la uso wa maji katika eneo linaloitwa Niño 3.4, kati ya longitudo 170 na 120 magharibi, limepita wastani kwa nusu nyuzi au zaidi? Na si kwa wiki moja, kwa maana wiki moja hudanganya. Natazama wastani wa miezi mitatu. Swali la pili ni la angahewa: je, tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya Tahiti, kisiwa cha Pasifiki, na Darwin, mji wa kaskazini mwa Australia, imeegemea upande uleule wa bahari? Mawingu karibu na longitudo 180 yameongezeka? Pepo za chini zimelegea kweli? Taarifa nzuri huyataja haya yote, mara nyingi katika aya ya pili au ya tatu ambayo wengi huiruka. Usiiruke. Ukikuta maneno kama "angahewa bado haijaitikia", punguza kasi ya maamuzi yako, hata kama ramani ya bahari inawaka.

Jambo jingine lililonichanganya miaka mingi ni wastani wenyewe. Nilikuwa nikiona taasisi tatu zikitoa tarakimu tatu kuhusu mwezi uleule, nikidhani wanabishana. Hawabishani. Copernicus, huduma ya tabianchi ya Ulaya, kwa kawaida hulinganisha na miaka ya 1991 hadi 2020, NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na angahewa, hulinganisha joto la dunia na karne ya 20 nzima, na NASA, shirika la anga la Marekani, hutumia 1951 hadi 1980. Kipindi cha kulinganisha kikiwa cha zamani zaidi, mwezi wa leo huonekana wa joto zaidi. Kati ya miaka ya 1850 hadi 1900 na hii ya 1991 hadi 2020 pana tofauti ya nyuzi 0.88 kwa hesabu za Copernicus. Ndiyo maana mwaka 2024 ukaelezwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuwa juu kwa nyuzi 1.55 kuliko miaka ile ya 1850 hadi 1900, inayohesabiwa kuwa kabla ya enzi ya viwanda, huku ramani za kipindi kipya zikionyesha tarakimu ndogo zaidi. Tafuta miaka ya kulinganisha kwanza. Huandikwa kwa herufi ndogo chini ya ramani.

Kwenye mvua, hatari ni kubwa zaidi kuliko kwenye joto. Ramani nyingi hueleza mvua kwa asilimia ya wastani, na katika mwezi wa kiangazi asilimia hupotosha vibaya. Mahali panapozoea milimita 5 pakipata 15, ramani itapaka kijani kibichi cha asilimia 300, na ardhi itabaki kavu vilevile. Nimewahi kuwaona watu wakishangilia rangi hiyo. Tafuta ramani ya milimita, uziweke mbili kando kwa kando. Ukumbuke pia kwamba katika maeneo makavu mwaka mmoja wa mafuriko huuinua wastani, hivyo miaka mingi ya huko itakuwa "chini ya wastani" pasipo jambo lolote lisilo la kawaida.

Utabiri wa msimu nao una lugha yake. Hugawa historia katika mafungu matatu sawa: miaka ya mvua nyingi, ya kati na ya chache. Kila fungu huanza na nafasi ya theluthi moja. Taarifa ikisema asilimia 45 kwa mvua nyingi, 30 kwa za kati, 25 kwa chache, haijaahidi mvua nyingi. Imesema kwamba katika misimu minne inayofanana na huu, takriban mmoja utakuwa na mvua chache. Na lile eneo jeupe kwenye ramani ya utabiri ambalo wengi huliita "kawaida" maana yake ni kwamba hakuna ishara ya kuegemea upande wowote. Lolote laweza kutokea huko. Hili nalirudia kila ninapoweza kwa sababu nimeona likiwaumiza watu wenye nia njema kabisa.

Wale mnaoishi pande za Bahari ya Hindi, nawaomba msiishie Pasifiki. Mwaka 1997 El Niño kubwa iliambatana na Dipoli chanya ya Bahari ya Hindi, yaani maji ya magharibi ya bahari hiyo kuwa ya joto kuliko kawaida na yale ya karibu na Sumatra kuwa baridi, na Afrika Mashariki ikapata mafuriko makubwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu karibu sawa, lakini mvua hazikufikia zile. Kisha 2019, Pasifiki ikiwa haina El Niño ya kutajwa, Dipoli chanya ilipanda hadi kuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi zilizorekodiwa. Afrika Mashariki ikafurika kati ya Oktoba na Desemba, na Australia ikakauka na kuungua. Mwaka ule ndio ulionifanya niongeze safu ya Dipoli kwenye daftari langu.

Ndiyo, natumia daftari la karatasi. Kila mwezi mstari mmoja: joto la Niño 3.4, kipimo cha mgandamizo wa Tahiti na Darwin, Dipoli, neno moja kuhusu pepo, na tarehe niliyosoma. Tarehe ni muhimu kwa sababu tarakimu za mwezi hurekebishwa vipimo vilivyochelewa vinapoingia. Naweka pia alama ya mzunguko wa Madden-Julian, lile kundi la mawingu na mvua linalosafiri kuelekea mashariki na kuizunguka tropiki kwa siku 30 hadi 60. Wastani wa mwezi huuficha: wiki mbili za mvua kubwa na wiki mbili za ukavu zikijumlishwa, mwezi utaandikwa "wa kawaida". Aliyekuwa shambani au barabarani wakati huo anajua haukuwa hivyo.

Na chukua tahadhari na utabiri wa El Niño unaotolewa kati ya Machi na Mei. Kipindi hicho Pasifiki huwa katikati ya mageuzi, ishara ni dhaifu, na mifumo ya kompyuta hukosea zaidi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mwanzoni mwa 2017 mingi ilielekeza El Niño. Mwaka ukaisha kwa La Niña, kinyume chake, yaani maji yaleyale yakiwa baridi kuliko kawaida. Mimi husoma za miezi hiyo, naziandika, lakini simshauri mtu kutumia fedha kwa sababu yake hadi nione ya Juni au Julai.

Yule rafiki yangu bado huniuliza. Siku hizi simwandikii "inakuja". Namtumia zile asilimia tatu zote, sio ile kubwa peke yake, kisha sentensi moja inayosema kama angahewa imeitikia bahari au bado, na mwisho tarehe ya taarifa inayofuata. Ile ya Marekani kuhusu El Niño hutoka Alhamisi ya pili ya kila mwezi. Mara nyingi hunijibu kwa swali moja tu, lile ambalo mwaka 2014 sikujiuliza: "Na pepo je?"