Maswali na majibu: Boti ya kukunja itapita kwenye ngazi zenu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, nimepanga ghorofa ya kwanza huku Nyegezi, Mwanza. Uwanja hakuna, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya boti chini ya ngazi. Gari ni Probox. Jumamosi huwa naenda na kijana wangu wa miaka 14 kuvua sato kwa ndoano upande wa Luchelele, na tumechoka kukodi mtumbwi. Nimeona mtandaoni boti za plastiki zinazokunjwa zikabaki bapa. Fundi wa mtaani naye anasema nisitupe hela, atanitengenezea ya plaiwudi yenye bawaba za turubai. Je, Ziwa Victoria hili italistahimili? Na nichukue ipi?

JIBU: Mwalimu, salama kabisa. Ziwa nitalifikia, ila tuanze na ngazi, maana hapo ndipo watu wanapokwama na boti waliyokwisha kuilipia.

Boti za aina ya Porta-Bote ya Marekani hutengenezwa kwa polipropilini. Ikikunjwa inabaki na unene wa sentimita 10 hivi, unaiegemeza ukutani nyuma ya kabati na mgeni haioni. Lakini inakunjwa kwa urefu wake: viti vinatolewa, mbavu zinalala ndani, basi. Ya mita 3 ikikunjwa inabaki mita 3. Juu ya Probox itakaa vizuri. Kwenye kona ya ngazi za nyumba zetu za kupanga, ambako hata godoro la tano kwa sita linapita kwa kusukumwa na kulaaniwa, kitu kigumu cha mita 3 hakigeuki. Shida yako wewe ni urefu, na hizi zinapunguza unene.

Plastiki yenyewe sina ugomvi nayo. Haiozi, ni nyepesi kuliko maji, na ukiifanya nyembamba kwenye mstari mmoja, mstari huo unakunjika na kukunjuka mara maelfu bila kukatika. Kifuniko cha kubonyeza cha chupa ya tomato sosi kinafanya kazi hivyo hivyo. Kasoro yake kwetu ni matengenezo. Gundi za kawaida haziishiki. Mafundi wanaochomelea matangi ya maji hapa mjini wanatumia fimbo za polithilini, plastiki ya aina nyingine, na polithilini haishikani na polipropilini. Itaonekana imeshika, kisha itabanduka siku ya mawimbi. Ukiinunua, agiza na fimbo zake za kuchomelea papo hapo.

Boti ya kujaza upepo ingemaliza habari ya ngazi, inaingia kwenye begi. Ila Mwanza ni mji wa mawe, na wewe unavua kwa ndoano samaki mwenye miiba mgongoni. Pamoja na jua letu, mimi singeichukua.

Sasa hii ya fundi wako. Turubai la lori, lile la PVC, lina nguvu kweli, simkatalii. Linafia kwenye mkunjo. Kila mnapoikunja boti ufukweni, mchanga unaingia kati ya turubai na plaiwudi. Mkiikunjua, ukingo wa plaiwudi unausaga mchanga huo juu ya nyuzi. Niliwahi kuletewa moja iliyokuwa inavuja na mwenyewe haoni tundu. Kwa nje turubai lilikuwa zima, hata rangi haijapauka. Nilipofungua ufito uliolibana, nyuzi za upande wa ndani zilikuwa zimekatika kwenye mstari mmoja ulionyooka, urefu wa kiganja, na punje za mchanga zimejipanga humo humo. Bawaba hiyo iko chini ya maji, na juu yake kuna miguu ya mtoto. Kwa bwawa la shamba ningekuambia endelea.

Halafu kuna viti. Kwenye boti yoyote inayokunjwa, iwe ya dukani au ya fundi, kiti ndicho kinachotanua mbavu. Kikichomoka, mbavu zinataka kurudiana na nyinyi mmo ndani. Kila kiti lazima kiwe na pini yenye kufuli, na pini ifungwe uzi kwenye boti yenyewe, kwa sababu pini iliyoanguka majini haitafutwi.

Ningekuwa wewe, ningetengeneza boti ya vipande viwili vinavyoingiana. Wazo hili si geni ziwani. Mwaka 1875 mpelelezi Stanley alilizunguka ziwa hili kwa mashua yake Lady Alice, ambayo wapagazi waliibeba vipande vipande kutoka pwani hadi Kageye, ufukwe wa kusini, wakaiunganisha pale. Ya kwako itakuwa ndogo na rahisi zaidi: mita 3, kipande cha omo, yaani mbele, mita 1.4, cha tezi, yaani nyuma, mita 1.6. Ukifika nyumbani, cha omo kinalala ndani ya cha tezi, na unachopandisha ngazini hakizidi mita 1.6. Kwa plaiwudi ya milimita 6 na epoksi, ile gundi ya kuchanganya, boti nzima ni kilo 40 hivi. Kila kipande ni mzigo wa mtu mmoja.

Siri yake ni kuijenga ikiwa nzima, kisha kuikata. Pale katikati unaweka kuta mbili za plaiwudi zikitazamana, na kati yake vipande vya kadibodi vya milimita 4 vya kutenganisha. Ukishazigandisha kwa epoksi na faiba, unapitisha msumeno kwenye upenyo ule, kuanzia juu mpaka sakafuni. Vipande vinatoka pacha, haviwezi kutofautiana. Matundu ya bolti toboa kabla ya kukata: mawili chini karibu na sakafu, mawili juu. Boti inapobeba uzito katikati, bolti za chini ndizo zinazovutwa. Wimbi likiinyanyua katikati huku nyinyi mmekaa ncha kwa ncha, mzigo unahamia za juu. Kwa hiyo usije ukabana kwa makini za juu unazoziona na kuzisahau za chini. Tumia M10 za chuma kisichoshika kutu, washa pana kila upande na mpira chini ya washa. Tundu lipanue kwanza, lijaze epoksi, ndipo ulitoboe upya, la sivyo maji yataingia kwenye tabaka za plaiwudi na kuiozesha kutokea ndani.

Kuta hizo zina faida nyingine ambayo bawaba haina: kila kipande kinaelea peke yake.

Dukani uwe macho. Ubao wenye ngozi nyeusi au nyekundu wanaouita marini bodi ni wa kumwagia zege. Mara nyingi tabaka zake za ndani zina mapengo, na epoksi haikai juu ya ngozi ile. Omba plaiwudi ya gundi isiyoyeyuka, tazama ukingo wake kama kuna matundu, kisha kata kipande ukachemshe nyumbani kwa saa kadhaa. Tabaka zikiachana, rudisha. Shiti tatu zinatosha kazi yote.

Sasa ziwa. Wewe, kijana, vifaa, injini ndogo na boti yenyewe ni kama kilo 200, yaani boti lazima isukume lita 200 za maji. Sakafu inayogusa maji ni mita za mraba 2.2 hivi, kwa hiyo itazama sentimita 9, na katikati, kwa kuwa sakafu imepinda kidogo, 11. Ubavu ukiwa na sentimita 40, umebakiwa na kama 30 juu ya maji. Hiyo ndiyo akiba yako yote, na boti ya kukunja ya urefu huo haina ya ziada. Wimbi la nusu mita likija mbele mtalipanda. Likiwapiga ubavuni mkiwa mmesimama kuvuta samaki, litaingia.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani, na ghuba inachafuka. Usiku mambo yanageuka, na radi zinajengeka katikati ya ziwa. Nyingine huchelewa kuondoka hadi asubuhi. Sikiliza utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, toka jua likishachomoza kama anga ni safi, saa nne muwe mnarudi. Msiende mbali na ufukwe kuliko mnavyoweza kurudi kwa makasia. Jaketi okozi mzivae. Mkizikalia hazina kazi. Chini ya viti jaza povu gumu lisilonyonya maji, lita 60, nusu omo nusu tezi. Kila lita inabeba karibu kilo moja, nanyi mtapata kitu cha kushika hata boti ikijaa. Upo, kile chombo cha kuchotea maji yaliyoingia botini, ufungeni kwa kamba.

Injini isizidi HP 2.5, ambayo ina kilo 14 hadi 18. Zile za HP 15 mnazoziona mwaloni zinaanzia kilo 36 au zaidi. Zitaizamisha tezi kabla hamjaondoka. Kabla ya kuiingiza majini pita ofisi ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, uulize ukaguzi na usajili wa chombo chako, na afisa uvuvi kuhusu leseni. Boti iunganisheni nchi kavu kisha muisukume mkiwa na mabuti, maana majani ya ufukweni yana konokono wa kichocho.

Leo jioni chukua futi kamba. Nipimie upana wa ngazi, kimo cha dari juu ya kona, na nafasi ya kile kibaraza cha kugeukia, kutoka ukuta hadi ukuta. Ukinitumia namba hizo tatu nitakuambia tukate wapi. Kama kona ni finyu sana tutatoa vipande vitatu.