Kabla hujanunua spika ya tisa, pima nane ulizonazo

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nina spika nane zimezunguka chumba na faili za ambisoniki, lakini sauti haikai mahali. Ninunue dikoda gani?" Ambisoniki ni njia ya kuhifadhi sauti pamoja na upande inakotokea, na dikoda ndiyo huigawa sauti hiyo kwa kila spika. Nilisoma nikaumia, maana mwaka juzi aliyekwama hivyo nilikuwa mimi.

Nilikwenda Soko la Samaki Feri nikamrekodi dalali akinadi changu na kolekole. Nyumbani nikaipanga sauti yake imzunguke msikilizaji, oda ya tatu (oda ikipanda, upande wa sauti huwa bayana zaidi), kwenye duara la spika nane. Kila spika ilitakiwa iachane na jirani yake kwa digrii 45. Chumba changu kina mlango nyuma kushoto, palepale pa digrii 135, ukihesabu kutoka mbele kupitia kushoto. Nikaisogeza spika ile mbele hadi 105, dikoda iliyohesabiwa kwa duara kamili nikaiacha vilevile. Nikajiambia, nani atajua?

Akaja mteja niliyekuwa nikimwomba kazi ya maonyesho. Dalali akaanza vizuri mbele, akapita kushoto, alipokaribia mlango akaganda. Ghafla yuko mgongoni. Mteja akasema, "Mbona spika mbili za kawaida zingetosha?" Akamaliza soda yake, akaaga. Maneno yale ninayo mpaka leo.

Kwa hasira nikatengeneza dikoda mwenyewe: nikaingiza pembe halisi, nikapindua matriksi, yaani jedwali la namba linaloamua kila spika itoe nini. Kwenye karatasi ilipendeza. Chumbani, dalali alipokaribia mlango, spika za digrii 90 na 105 zilianza kupingana kwa nguvu, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, zikihangaika kuziba pengo lisilo na spika. Ukikaa katikati kabisa unavumilia. Sogeza kiti nusu mita, yote yamevurugika.

Kilichoniokoa ni AllRAD, njia ambayo Zotter na Frank wa Graz, Austria, waliichapisha mwaka 2012. Kwanza unadikodi kwenda kwenye spika nyingi za kufikirika zilizopangwa sawasawa pande zote, halafu kila moja unaigawa kwa spika halisi zilizo jirani nayo. Programu ya AllRADecoder ya IEM, taasisi ya sauti hukohuko Graz, inakufanyia hesabu hiyo, tena bure. Kama duara lako ni la mlalo tu, iongezee spika ya kufikirika juu na nyingine chini.

Lakini ndugu yangu, programu haina macho. Pima! Mimi nilifunga kamba katikati ya chumba, nikachukua futi ya fundi cherehani, nikapima spika moja baada ya nyingine, pembe na umbali. Moja ilikuwa karibu zaidi kwa mita nzima. Hizo ni karibu milisekunde 3, na sikio humfuata anayewahi. Nikaichelewesha, nikaipunguza sauti. Kagua na mpangilio wa chaneli: faili za zamani huja W, X, Y, Z, za AmbiX, mpangilio wa siku hizi, ni W, Y, Z, X (W ni sauti ya pande zote, X mbele na nyuma, Y kushoto na kulia, Z juu na chini). Faili ya zamani ukiisoma kama AmbiX, aliye mbele yako atasikika kushoto, nawe utailaumu dikoda bure. Vijana wa fani hii tukikwama tunakimbilia dukani, na futi iko mezani. Tuache hiyo tabia. Pima kwanza, halafu pima tena.

Jumamosi nilimwalika dalali mwenyewe. Alikaa kitini, akaifuata sauti yake kwa shingo taratibu. Ilipofika nyuma kushoto aligeuka mzimamzima, akautazama mlango.