Sehemu ya kumi ya sekunde iliyopotea kwenye hesabu ya fremu

Ndugu, nimekuelewa: umeshindana kumaliza mchezo wa NES (mashine ya zamani ya michezo ya video ya Nintendo) kwa muda mfupi kabisa, kipima muda chako kilisoma sekunde 59.98, lakini mhakiki wa rekodi akahesabu fremu 3605 za mchezo (picha moja moja zinazounda mwendo) na kukuandikia 1:00.08, yaani zaidi ya dakika. Inauma, lakini inarekebishika.

Muulize kwa heshima amegawa kwa ngapi. NES ya Marekani hutoa fremu takribani 60.0988 kwa sekunde, si 60 kamili. Gawa 3605 kwa 60.0988, utapata 59.98 yako.

Angalizo: fremu zikiwa zimehesabiwa kwenye video, kigawanyo ni kasi ya video yenyewe. Hapo wengi hukosea.

Soma pia kanuni za ubao wa rekodi uone kama desimali hukatwa au hukadiriwa. Video halisi usiifute wala kuihariri, na uamuzi wa mwisho waachie wasimamizi.